Dhima ya Aliyechagua Njia

Miongoni mwa maswali yaliyowakesha wanazuoni tangu zama za kale, liko moja ambalo kwa sura yake laonekana jepesi, ilhali kila ukilishika linazidi uzito: mtu akisimama penye njia panda, naye hajapata kuiona hata moja kati ya njia zilizo mbele yake, akaishika mojawapo kwa hiari yake, kisha ikamfikisha kwenye hasara au mauti, je, ataulizwa kwa kuichagua, au ataachiliwa kwa kuwa lililomfika lilikwisha kuandikwa kabla hajazaliwa? Wajabaria walisema kwamba mwanadamu hana hiari ya kweli katika vitendo vyake. Wakadaria wakajibu kwamba vitendo ni vyake mwenyewe na lawama ni yake. Na Imamu Abul-Hasan al-Ash'ari, katika karne ya kumi ya Miladi, akashika mwendo wa kati, kwamba Mwenyezi Mungu ndiye aumbaye kitendo na mja ndiye akichumaye, na kwa kule kukichuma ndiko anakohesabiwa. Hoja hizo zimejaa vitabuni, wala sikusudii kuzipanga upya hapa. Nataka kulitoa swali hili darasani na kulipeleka mahali ambapo watu wenye njaa, woga na tamaa walilazimika kulijibu kwa miguu yao.

Mahali penyewe ni mbali mno na pwani yetu, katika kaskazini ya Kanada karibu na mpaka wa Alaska, pale ambapo mto Klondike unaingia katika mto Yukon. Tarehe 16 Agosti 1896, katika kijito kilichoitwa Rabbit Creek, ambacho baadaye kilipewa jina la Bonanza, dhahabu nyingi ilionwa na watu wa jamaa moja: Keish, ambaye Wazungu walimwita Skookum Jim, mpwa wake Káa Goox, yaani Dawson Charlie, na George Carmack, Mmarekani aliyemwoa Shaaw Tláa, dada yake Keish, na hata leo watu hawajaafikiana ni mkono wa nani uliotangulia kuigusa. Kwa kuwa nchi ile hufungwa na barafu muda mrefu wa mwaka, habari ilikawia karibu mwaka mzima kuwafikia watu wa nje, mpaka katikati ya Julai 1897 meli iliyoitwa Excelsior ikatia nanga San Francisco, na tarehe 17 ya mwezi uo huo nyingine, Portland, ikaingia Seattle, wachimbaji wakateremka na dhahabu yao mbele ya umati uliosimama gatini. Marekani ilikuwa imekaa katika dhiki tangu mwaka 1893, mabenki yamefilisika na watu hawana kazi. Kwa hiyo habari ile iliwashukia watu waliokuwa tayari kuamini. Meya wa Seattle mwenyewe, W. D. Wood, aliacha umeya akaenda. Wakadiriaji husema kwamba watu wapatao laki moja walifunga safari, na wengi wao walikuwa makarani, wauza duka, walimu na wakulima ambao hawakupata kulala nje usiku mmoja wa baridi kali, wala hawakujua Klondike iko upande gani wa ramani.

Hapo ndipo likaja swali la njia. Wenye mali waliweza kupanda meli Seattle hadi St. Michael, karibu na mlango wa mto Yukon, kisha wakapanda mto kwa stima mwendo wa kilomita zipatazo 2,700 mpaka Dawson, mji ulioota pale Klondike inapoingia Yukon, bila ya kuinua mzigo hata mmoja. Ila mto ule huganda majira ya kupukutika majani, na aliyekawia hukamatwa njiani. Wenye nguvu lakini fedha haba waliteremka Dyea au Skagway, bandari mbili jirani za Alaska, wakavuka milima kwa upenyo wa Chilkoot au wa White Pass hadi ziwa Bennett, wakaunda mashua zao wenyewe, wakangojea barafu iyeyuke, kisha wakateremka na maji zaidi ya kilomita 800. Waliopenda wasitoke katika ardhi ya Kanada waliambiwa waanzie Edmonton, wapite misitu na mito ya kaskazini. Wengine waliambiwa waanzie Valdez, wavuke mto wa barafu ulio nyuma ya bandari. Walikuwako pia waliofuata mto Stikine na waliolipa ushuru kupita njia ya Dalton, ambao sitawazungumzia zaidi. Yatosha kujua kwamba mahali palikuwa pamoja, na njia zilikuwa nyingi, na kila njia ilikuwa na tajiri aliyepata faida kwa kuisifu.

Mtu atasema: hayo yote ni mukadara, aliyeandikiwa kufika atafika. Jawabu ya neno hilo ilikwisha kutolewa zamani, tena katika safari. Sayyidna Umar bin Khattab alipokuwa njiani kwenda Shamu, akafika mahali paitwapo Sargh, akapata habari kwamba tauni imeshuka katika nchi anayoiendea. Akawaita Muhajirina akawashauri, wakahitilafiana. Akawaita Ansari, nao wakahitilafiana. Akawaita wazee wa Kikureshi waliohajiri wakati wa kufunguliwa Makka, hao wakawa na kauli moja kwamba arejee na watu. Alipotangaza kurejea, Abu Ubayda bin al-Jarrah, amiri wa majeshi ya Shamu na mtu aliyependwa na Umar mwenyewe, akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akasikitika kwamba neno lile limetoka katika kinywa cha mtu kama yule, akamjibu kwamba naam, anatoka katika kadari ya Mungu kuingia katika kadari ya Mungu. Na akampigia mfano wa mwenye ngamia aliyeteremka bondeni, akakuta upande mmoja una malisho na upande wa pili ni mkavu: akilisha huku au akilisha kule, kote amelisha kwa kadari. Baadaye ndipo akaja Abdurrahman bin Awf, ambaye hakuwapo katika ushauri ule, akaeleza alilolisikia kwa Mtume kuhusu nchi yenye tauni, likawafiki uamuzi.

Watu hukinukuu kisa hiki kwa ajili ya lile jibu, na jibu kweli ni zuri. Lakini mimi huona kwamba ilimu yake kubwa imo katika yale yaliyolitangulia. Amiri wa Waumini hakuipigia njia yake bao wala hakuifunga kwa ndoto. Aliuliza mara tatu, akawauliza wanaojua, na akarudi nyuma bila ya kuona haya. Fauka ya hayo, hakuwa peke yake. Nyuma yake palikuwa na msafara, na njia aliyokuwa akiichagua ilikuwa ni njia ya roho za watu wengine. Hapa ndipo swali letu linapogeuka. Maadamu kupeleka ngamia huku au kule kote ni kadari, kadari haiwezi kuwa udhuru wa yeyote; na linalobaki kumuuliza mwenye kuchagua ni mambo anayoyamiliki: alijua nini, au angaliweza kujua nini kama angaliuliza, na mzigo wa uchaguzi wake alimtwika nani.

Hujjatul-Islam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika mlango wa tawakali wa kitabu chake cha Ihya, amezipanga sababu ambazo kwazo mtu hutafuta manufaa katika daraja tatu: ziko za yakini, ambazo kuziacha si tawakali ila ni wazimu, kama mtu mwenye njaa anayekaa mbele ya chakula asinyooshe mkono, ziko za dhana yenye nguvu, na ziko za wahamu, ambazo mtu huzishikilia kwa fikira tupu. Ukizitazama njia za Klondike kwa kipimo hiki zinajipanga zenyewe. Chilkoot ilikuwa njia ya yakini: mateso yake yalijulikana, urefu wake ulijulikana, na watu wa kabila la Tlingit walikuwa wakiipita kwa biashara na watu wa bara vizazi na vizazi kabla ya Mzungu kuiona. Njia ya majini ilikuwa ya dhana: stima zilikuwako na mto ulijulikana, lakini yote yalitegemea kuwahi kabla ya barafu, na katika majira yale ya mwaka 1897, kati ya watu wapatao 1,800 walioishika, ni 43 tu waliofika kabla ya mto kufungwa, wengine wakaganda pamoja na meli zao mpaka mwaka uliofuata. Njia ya Edmonton na ya Valdez zilikuwa za wahamu. Nitazirejea, kwa sababu huko ndiko iliko dhambi kubwa.

Kwanza nataka msomaji aione Chilkoot. Kutoka Dyea hadi ziwa Bennett ni kilomita 53, mwendo ambao mtu mwenye mkoba mwepesi angeutimiza kwa siku chache. Lakini askari wa Kanada waliokaa kileleni, ambako ndiko mpaka, hawakumruhusu mtu kupita ila awe na chakula cha mwaka mzima, kwa kuwa Dawson ilikwisha kukabiliwa na njaa. Na chakula hicho pamoja na vyombo na mahema kilifika yapata tani moja. Tani moja haichukuliki mara moja. Aliyeweza kubeba kilo 25 alilazimika kwenda na kurudi mara 40, na ukijumlisha kwenda na mzigo na kurudi mikono mitupu, mtu huyo alitembea zaidi ya kilomita 4,000 ili kusogeza mali yake kilomita 53. Chini ya mteremko wa mwisho palikuwa na mahali palipoitwa Mizani, ambapo wachukuzi walipima mizigo upya na kupandisha ujira, kwa kuwa mbele yake mlima ulisimama wima. Wakati wa baridi watu walikata ngazi katika barafu, vidato 1,500, na kamba ya kushikia upande mmoja. Wakapanda kwa mstari mmoja, kila mtu akiweka mguu pale alipoutoa aliyemtangulia, mgongo umepinda chini ya gunia la unga au la maharagwe, na pumzi ya aliye mbele yake ikimwangukia usoni. Aliyechoka alijitenga kando, katika vijukwaa vidogo vilivyochongwa ubavuni mwa barafu, na huenda akakaa hapo muda mrefu, jasho likimgandia mwilini, kabla ya kupata pengo la kuurudia mstari. Akifika juu aliutua mzigo katika theluji, akaweka mti wa kuutambulia, akateremka kwa kuserereka juu ya makalio yake, akaanza tena.

Nayo haikuwa njia salama. Tarehe 3 Aprili 1898, Jumapili, baada ya theluji nyingi kuanguka na hali ya hewa kuanza kuwa vuguvugu, wachukuzi wazoefu wenyeji wa nchi walikataa kupanda, kwa kuwa waliijua ishara ya mlima ule. Wageni wengi walipanda. Theluji ikaporomoka ikawafunika, wakafa zaidi ya watu 60, na makaburi yao yako Dyea hadi leo. Siwezi kusema kwamba waliokufa pale walistahili kufa, Mungu apishe mbali. Wala siwezi kusema kwamba walikufa kwa kadari kisha nikanyamaza, kwa sababu asubuhi ile ilimu ilikuwapo, imesimama mbele yao kwa miguu miwili, imeshusha mzigo na kukataa ujira. Aliyeiona akapita, hakupita kwa ujinga. Na ni jambo la kuzingatia kwamba ilimu ile ilidharauliwa kwa sababu ya aliyekuwa nayo: angalikuwa mhandisi mwenye kofia na cheti ndiye aliyekataa kupanda, nadhani wengi wangalingojea siku ya pili. Hiyo ni taksiri ya kibri, nayo haimo katika hesabu ya kadari.

Sasa tuingie White Pass, njia ya Skagway. Kwa urefu wa mlima ilikuwa nafuu kuliko Chilkoot, na mteremko wake mpole zaidi, hata ikasemwa kwamba wanyama wa mizigo wataipita; na kwa neno hilo watu walinunua farasi kwa maelfu, wengi wao wazee, vilema na wasiopata kubebeshwa mzigo maishani mwao, waliokuwa wakingojea machinjo huko Seattle na bandari nyinginezo, wakauzwa kwa bei ya farasi wazima. Njia yenyewe ilikuwa tope linalofika tumboni, mawe makali, na ukingo mwembamba juu ya korongo. Wenye farasi hawakujua kufunga matandiko, mizigo ikawachubua wanyama migongo mpaka nyama ikaonekana. Hawakubeba majani ya kutosha, kwa kuwa kila kilo ya majani ni kilo moja pungufu ya mali yao. Na farasi aliyevunjika mguu kati ya mawe aliachwa palepale, mzigo ukahamishiwa kwa mwingine, msafara ukaendelea kupita juu yake. Farasi wapatao 3,000 walikufa katika njia ile kwa muda usiotimia mwaka. Jack London, mtunzi wa Kimarekani, ambaye mwenyewe alipita Chilkoot mwaka 1897 na kurudi kwao na ugonjwa wa kiseyeye badala ya dhahabu, aliandika juu ya farasi wale kwa huzuni kuu.

Mimi naona kwamba katika habari yote ya Klondike hapana mahali ambapo hukumu iko wazi kama hapa. Aliyebeba gunia lake mwenyewe Chilkoot mara 40 alichagua mateso na akayachukua kwa mgongo wake. Kama alikosea, kosa lake lilimrudia. Aliyeshika White Pass alichagua wepesi wake, na bei ya wepesi ule ikalipwa na kiumbe asiyeulizwa, asiyekuwa na fungu katika dhahabu, na asiyeweza kurudi nyuma. Mtume ametufunza habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa paka aliyemfungia bila ya kumlisha. Na al-Mawardi, kadhi wa Baghdad aliyefariki mwaka 1058, alipoeleza kazi ya muhtasibu, msimamizi wa masoko na adabu za mji, alimpa mamlaka ya kumzuia mwenye mnyama asimtumikishe kupita uwezo wake. Pangalikuwa na muhtasibu mmoja Skagway, njia ile isingalipitika, na watu wangalisema anawazuilia riziki. Na awazuilie. Riziki isiyofikika ila kwa kukanyaga mizoga ya viumbe 3,000 haikuwa ya kwao kuiendea kwa mwendo ule, wala hapana istihara inayoweza kuihalalisha, kwa kuwa istihara huswaliwa katika jambo la halali lenye pande mbili, haiswaliwi kuuliza kama dhuluma itakubaliwa.

Wasemao kwamba walikuwa maskini na hawakuwa na njia nyingine nawaelewa, lakini siwakubalii. Chilkoot ilianzia bandari ya pili tu, Dyea, mwendo mfupi kwa mashua.

Narudi sasa kwa Edmonton. Mji ule ulikuwa mdogo, na wafanyabiashara wake waliona mali yote ya dunia ikipita Seattle na Vancouver. Wakaitangaza njia yao kuwa ndiyo njia ya nyuma ya kuingilia Klondike, ya nchi kavu, ya Kanada tupu, isiyo na ushuru wa forodha, na ikaenezwa habari kwamba mtu aweza kufika kwa siku 90. Njia ya mwongo ni fupi. Waliokwenda kwa nchi kavu walikuta vichochoro vinavyopotelea katika misitu iliyoungua na vinamasi, farasi wao wakafa kwa njaa. Na waliokwenda kwa maji walifuata mito ya Athabasca, Slave na Mackenzie hadi karibu na bahari ya kaskazini, kisha wakalazimika kuburura mashua zao juu ya mito yenye mawe kuvuka milima. Kati ya watu wapatao 2,000 waliojaribu, wengi walirudi, wengine walikufa kwa kiseyeye na kwa maji, na baadhi ya waliofika walichukua mwaka mmoja na nusu au zaidi, wakakuta neema imekwisha. Huko Valdez nako, makampuni ya meli yaliwatangazia abiria kwamba iko njia iliyokwisha kufunguliwa kuelekea bara. Watu wapatao 3,500 wakashushwa pwani katika majira yale ya baridi, wakakuta kwamba njia ni mto wa barafu wenye nyufa, mrefu na wa kupanda zaidi kuliko walivyoambiwa, na wengi wakapofushwa na mng'ao wa theluji au wakaangamia kwa kiseyeye katika mahema yao.

Katika desturi yetu mwenye kutakwa shauri amewekewa amana, na amana ya njia ni nzito kuliko ya fedha, kwa kuwa fedha huweza kurudishwa. Mwenye duka aliyeuza magunia na mahema kwa mtu aliyejua anakwenda wapi, huyo alifanya biashara. Lakini aliyemchorea mgeni mstari kwenye ramani, mahali ambapo yeye mwenyewe hakupata kukanyaga, akamwandikia siku asizozihesabu, ili tu magunia yatoke dukani, huyo aliingia katika ghushi ya roho. Yamkini baadhi yao waliamini walichokisema. Mtu anapotaka jambo liwe kweli hulisema mpaka likawa kweli kwake. Hilo halimwondolei dhima. Wanazuoni walilihesabu neno "sijui" kuwa ni nusu ya ilimu, na neno hilo halikuwa na bei ya kuogopesha Edmonton mwaka 1897, ila lingaliwapunguzia mauzo. Kwa hiyo, katika lile swali tuliloanza nalo, mimi nahukumu hivi: yule karani aliyetoka Chicago au London akaamini tangazo, akafa kandokando ya mto Peel katika njia ile ya Edmonton, udhuru wake uko karibu na kukubaliwa, kwa kuwa aliuliza, na aliulizia kwa watu ambao sura ya mambo ilionyesha kwamba wanajua, na sehemu ya dhima aliyoondolewa yeye haikupotea hewani, imemwangukia aliyemjibu.

Utaniuliza, je, walioshika njia ya yakini walifaidi nini? Hapa ndipo penye ibra kwa wale wanaopima njia kwa mwisho wake. Barafu ya ziwa Bennett ilipopasuka mwishoni mwa Mei 1898, mashua zaidi ya 7,000 ziliteremka Yukon kama kundi moja, na kwa jumla watu kati ya 30,000 na 40,000 walifika Dawson. Lakini vijito vyote vyenye dhahabu nyingi vilikwisha kumilikiwa na watu waliokuwa tayari katika nchi ile kabla habari haijatoka. Wengi waliofika walitembea katika njia za tope za Dawson siku kadhaa, wakauza vyakula vyao, wakarudi. Mwaka 1899 zikaja habari za dhahabu ya Nome, kwenye pwani ya Alaska, na maelfu wakaondoka kwa majuma machache. Kwa hiyo aliyechagua vizuri na aliyechagua vibaya aghalabu walilingana mifukoni. Riziki kama ajali, huitambui ijapo. Ila mmoja alifika na mgongo uliochubuka, na mwingine alifika juu ya migongo iliyochubuka, na hapo hawakulingana hata kidogo.

Na lipo kundi ambalo halikuchagua njia yoyote. Nchi hii ambayo laki moja ya watu waliiona kuwa iko mwisho wa dunia ilikuwa nyumbani kwa watu wa kabila la Hän, na pale mdomoni mwa Klondike palikuwa na kambi yao ya kuvulia samaki aina ya samoni, iitwayo Tr'ochëk. Mji ulipoota juu yake, chifu wao Isaac aliona kwamba watu wake wataangamia kwa maradhi na ulevi, akawahamishia Moosehide, kilomita chache chini ya mto. Na kwa kuchelea kwamba nyimbo na ngoma zao zitapotea, akaziweka amana kwa jamaa zao wa Alaska. Karne nzima ikapita kabla ya wajukuu wao, waitwao Tr'ondëk Hwëch'in, kutia sahihi mapatano ya kujitawala na serikali ya Kanada mwaka 1998. Wakati laki moja ya watu walipokuwa wakibishana juu ya njia, sijasoma kwamba wengi waliuliza kama wenye nchi wameridhia kufikiwa, na swali hilo lilitangulia kwa haki maswali mengine yote.

Mambo haya si ya theluji peke yake. Lupa, huko Chunya, iliwavuta watu katika miaka ya 1920 na 1930, na Kakamega iliwavuta katika miaka hiyo ya 1930. Na mpaka sasa vijana wetu huondoka nyumbani kwa kuambiwa na mtu kwamba kuna machimbo mapya mahali fulani, njia ni hii, nauli ni hii, siku ni chache. Kwa sababu hiyo nina ombi kwa masheikh na walimu wetu. Mnaposomesha mlango wa tawakali na kuwafunza vijana kuswali rakaa mbili za istihara kabla ya safari, jambo ambalo ni sunna na lina baraka, msifunge kitabu hapo. Wasomesheni katika kikao kicho hicho haki ya mnyama na ya mchukuzi, na dhamana ya mwenye kutakwa shauri, ambayo katika vitabu imekaa katika milango mingine mbali na huu, ili kijana anapoondoka mswalani ajue ni nani atakayeubeba mzigo wake, na mzee anayeulizwa njia asiyoijua aone kwamba kusema hajui ni faradhi iliyo juu yake.